Amana ya Fedha za Umma: Je, Mpiga Kura Humlipa Kiongozi Mwaminifu?

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo aghalabu husemwa barazani kwa hasira, lakini ni mara chache kutazamwa kwa utulivu. Jambo lenyewe ni fedha za watu zilizo mikononi mwa viongozi wa mtaa na kata, na sehemu ya mpiga kura katika kuzilinda.

Tuchukue mfano wa kata ya Mkonze, iliyo pembezoni mwa Jiji la Dodoma. Huko, kama katika kata nyingine za mijini Tanzania Bara, wananchi huwachagua kwa kura zao viongozi wa namna mbili walio karibu na milango yao. Wa kwanza ni mwenyekiti wa mtaa pamoja na kamati yake, na uchaguzi wao ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Wa pili ni diwani, ambaye huchaguliwa siku moja na Rais na Mbunge, na uchaguzi huo ulifanyika tarehe 29 Oktoba 2025. Kwa sauti za viongozi hawa huamuliwa mambo ya ushuru, ya leseni, ya viwanja, ya madarasa na zahanati, na ya michango ambayo kila nyumba hutakiwa itoe.

Basi swali letu ni hili: kiongozi akizitunza fedha hizo kwa uaminifu na kwa ujuzi, je, wananchi humkumbuka kwa wema huo siku ya kura? Wengi hujibu upesi kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Methali hii ni ya kweli katika mambo mengi, lakini katika mambo ya fedha za umma haitoshi, na sababu zake tutazieleza moja baada ya moja.

KAZI ISIYOONEKANA

Utunzaji mwema wa fedha ni kazi ambayo matunda yake mengi ni mambo yasiyotokea. Mkandarasi hakulipwa mara mbili, stakabadhi haikupotea, saruji haikununuliwa kwa bei maradufu, deni halikuingia. Nani atakayesimama mkutanoni kumshukuru mtu kwa hasara ambayo haikutokea?

Kila mwenye nyumba anaijua habari hii. Mwanamke atunzaye posho ya nyumba kwa hesabu, akaweka mtama na unga kabla ya miezi ya uhaba, husifiwa kwa nadra. Lakini siku akinunua jamvi jipya la sebuleni, kila mgeni humpongeza. Watu wa Dodoma, nchi ya mvua chache za msimu mmoja, wazee wao waliijua sana thamani ya ghala lililohesabiwa. Hata hivyo ghala hilo husifiwa wakati wa njaa tu, na wakati wa shibe hakuna alitazamaye.

Diwani naye hali yake ndiyo hiyo. Akisimamia ujenzi wa darasa, hata likijengwa kwa hasara, darasa huonekana. Akizuia hasara, kuzuia kwake hakuonekani. Kwa hiyo kiongozi mwenye akili ya kidunia hujifunza upesi kwamba jengo lina kura na daftari halina kura. Hapo ndipo hatari ilipo.

MAFUNZO YA DINI

Dini yetu haikuliacha jambo hili. Katika Sura An-Nisaa tumeamrishwa tuzifikishe amana kwa wenyewe. Na katika Sura Yusuf twasoma jinsi Nabii Yusuf (A.S.) alivyomwomba mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi, akataja sifa zake mbili, kwamba yeye ni mlinzi na tena ni mjuzi. Sifa zote mbili zahitajika. Mwaminifu asiyejua hesabu hudanganywa na wenzake, na ajuaye hesabu bila ya uaminifu huwadanganya wenzake. Tukumbuke pia kwamba katika miaka ile saba ya mavuno, watu wa Misri waliona nafaka ikiwekwa tu, na faida yake hawakuiona mpaka ukame ulipofika.

Imepokewa vile vile katika vitabu vya Bukhari na Muslim habari ya Ibn al-Lutbiyya, ambaye Mtume (S.A.W.) alimtuma kukusanya sadaka. Aliporudi aliitenga mali sehemu mbili, akasema kwamba sehemu hii ni yenu, na hii nimepewa mimi zawadi. Mtume (S.A.W.) hakulimaliza jambo lile kwa siri. Alipanda juu ya mimbari, akamhimidi Mwenyezi Mungu, akauliza mbele ya watu kama mtu huyo angeketi nyumbani kwa baba yake na mama yake, je, zawadi hizo zingemfikia? Hapa tunapata kanuni kubwa: hesabu ya mali ya umma husemwa mbele ya umma.

Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ambayo ni ya 282 katika Sura Al-Baqara, yahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Wazee wetu wa Kiswahili nao walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

JENGO NA MWENYE JENGO

Sasa turudi Dodoma. Mji huu umebadilika kwa upesi mno. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ulifanywa mwaka 1973, na mwaka huo huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, yaani CDA, ikashika mambo ya ardhi kwa zaidi ya miaka 40. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali yahamia Dodoma kwa vitendo. Mwezi wa Mei 2017 CDA ikavunjwa, na kazi zake zikakabidhiwa halmashauri; na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Viwanja vilipimwa na kuuzwa kwa wingi, na mapato ya halmashauri yakapanda sana.

Mtu akiingia mjini leo ataona Soko Kuu la Job Ndugai na kituo kikuu cha mabasi huko Nzuguni. Majengo hayo mawili yalijengwa kwa mradi wa kuendeleza miji ya kimkakati, uliotokana na mkopo wa Benki ya Dunia ambao Serikali Kuu iliuchukua. Ataona pia Hoteli ya Jiji la Dodoma, ambayo halmashauri iliijenga kwa mapato yake yenyewe. Kwa macho ya mpita njia yote ni majengo mazuri tu, na hapana kitu cha kumwonyesha ni lipi limetokana na mkopo utakaolipwa na taifa zima, na lipi limetokana na ushuru na viwanja vya watu wa mji. Basi mpiga kura wa Mkonze atamshukuru nani kwa lipi?

Tena kuna jambo la pili. Mfuko wa halmashauri haushikwi na diwani. Afisa mwenye dhamana ya matumizi ni Mkurugenzi, naye huteuliwa na Rais, hachaguliwi na wananchi. Madiwani hupitisha bajeti, na wengine hukaa katika Kamati ya Fedha na Uongozi kuzitazama taarifa za mapato na matumizi. Kwa hiyo hesabu zikiharibika, diwani husema kwamba ni watendaji. Na zikitengenea, husema kwamba ni yeye. Mwananchi asiyejua mipaka ya kazi hizi hana mizani ya kumpimia diwani wake.

Na jambo la tatu ni la kodi yenyewe. Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972, zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982. Kodi ya maendeleo, ambayo kila mtu mzima aliilipa kwa mkono wake, ilifutwa mwaka 2003. Kufutwa kwake kulikuwa faraja kwa maskini, kwani ilikusanywa kwa taabu na mara nyingine kwa kudhalilisha watu. Lakini tangu hapo halmashauri nyingi zimetegemea zaidi fedha zitokazo Serikali Kuu. Kodi ya majengo nayo, tangu mwaka 2021, hukatwa ndani ya malipo ya umeme. Mtu aliyetoa shilingi kwa mkono wake huifuata kwa macho, lakini aliyekatwa bila kuiona, mara nyingi husahau kwamba ni yake.

HATI YA MKAGUZI

Wengine watasema kwamba yupo Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye kazi yake imewekwa na ibara ya 143 ya Katiba. Ni kweli, naye hukagua kila halmashauri kila mwaka, akatoa hati: inayoridhisha, yenye shaka, isiyoridhisha, au husema kwamba ameshindwa kutoa maoni. Hii ni neema kubwa, lakini yafaa tuelewe maana yake. Hati inayoridhisha, ambayo watu huiita hati safi, maana yake ni kwamba vitabu vya hesabu vimeandikwa sawasawa kwa kanuni zake. Haisemi kwamba kila shilingi imetumika kwa jambo lililo bora, wala haimtaji diwani wa kata fulani kwa sifa au kwa lawama.

Tena hati hufika kwa kuchelewa. Hesabu hufungwa tarehe 30 Juni, na ripoti hupelekwa kwa Rais mwezi wa Machi unaofuata, kisha Bungeni mwezi wa Aprili. Mpiga kura wa Oktoba 2025 alikuwa na ripoti ya mwaka ulioishia Juni 2024. Ya mwaka wa mwisho wa madiwani wale ilikuwa haijatoka. Ni sawa na kumlipa fundi kabla ya kuiona nyumba aliyoijenga.

YALIYOONEKANA KWA WENGINE

Je, mpiga kura akiletewa habari kwa wakati, hubadilika? Katika nchi jirani ya Uganda, wakati wa uchaguzi wa mwaka 2016, wachunguzi waliwapelekea watu wapatao 16,000 ujumbe wa simu, ukieleza namna fedha za wilaya zao zilivyotunzwa kwa mujibu wa Mkaguzi Mkuu wa nchi ile. Walioambiwa kwamba hesabu zilikuwa mbaya kuliko walivyodhani walipunguza kura zao kwa madiwani waliokuwa madarakani. Na walioambiwa kwamba zilikuwa nzuri kuliko walivyodhani waliziongeza. Tofauti ilikuwa ya asilimia chache tu, na kwa wenyeviti wa wilaya haikuonekana. Lakini kwa diwani, ambaye mwananchi hupata habari zake kwa nadra, ujumbe mfupi ulitosha kugeuza baadhi ya nyoyo.

Huko Brazili, tangu mwaka 2003, Serikali ilikuwa ikichagua kwa bahati nasibu miji ya kukaguliwa, na matokeo yakatangazwa wazi. Katika uchaguzi wa mwaka 2004, mameya waliokutwa na ubadhirifu walishindwa zaidi kuliko wengine, hasa katika miji yenye redio yake ya mahali. Na katika miji hiyo hiyo yenye redio, meya aliyekutwa na hesabu safi alipata nafuu zaidi ya kurudishwa madarakani. Hili ndilo jibu la swali letu: mpiga kura humlipa mwaminifu pale uaminifu wake ulipotangazwa kwa sauti ambayo wote wameisikia pamoja.

Twasema pamoja kwa makusudi. Uchunguzi mwingine wa namna hii uliofanywa katika nchi kadhaa, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2019, haukuona kwa jumla kwamba kura hubadilika kwa habari peke yake. Sisi twadhani kwamba habari aliyopewa mtu mmoja mmoja haina nguvu sawa na ile iliyosemwa mbele ya jamaa nzima, kwani mtu akijua kwamba jirani yake naye ameisikia, huona kwamba neno lake halitakuwa la peke yake.

Uganda hiyo hiyo yatupa mfano mwingine. Kati ya mwaka 1991 na 1995, katika kila shilingi 100 ambazo Serikali ilizitoa kwa ajili ya matumizi ya shule za msingi, kwa wastani shilingi 13 tu zilifika shuleni. Kisha Serikali ikaanza kuchapisha viwango vya fedha hizo magazetini, na kubandika matangazo shuleni ili wazazi wayasome. Ilipofika mwaka 2001 zilikuwa zikifika zaidi ya 80 katika 100. Hata tukisema kwamba zilikuwepo sababu nyingine zilizosaidia, tangazo la ukutani halikuwa sababu ndogo.

KURA ISIYO NA CHAGUO

Yatupasa kusema pia neno ambalo si raha kulisema. Kura humlipa mwema na kumwondoa mbaya pale tu palipo na wawili au zaidi wa kuchaguliwa. Katika uchaguzi wa mitaa wa mwaka 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa. Katika ule wa mwaka 2024 chama tawala kilitangazwa mshindi wa zaidi ya asilimia 98 ya viti vya vijiji na mitaa, huku wapinzani wakilalamika kwamba wagombea wao wengi waliondolewa. Uchaguzi wa Oktoba 2025 chama kikuu cha upinzani hakikushiriki, na ukafuatwa na ghasia na vifo. Twamwomba Mwenyezi Mungu awafariji wafiwa na aiponye nchi yetu.

Mahali ambapo jina ni moja, kiongozi hutazama zaidi kura za maoni za ndani ya chama na radhi za wakubwa wake kuliko daftari la mapato. Hata hivyo haifai mtu kukata tamaa, kwani mlango mwingine bado uko wazi, nao haungoji miaka mitano.

KINACHOPOTEA

Kabla ya kuutaja mlango huo, tutazame hasara ya kutojali. Kwa sheria ya mwaka 2018 kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kuwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa Muislamu mikopo hii ni rehema, kwani humwepusha na riba ya wakopeshaji wa mitaani. Lakini ripoti za ukaguzi zilionyesha mikopo isiyorejeshwa na vikundi hewa, na mwezi wa Aprili 2023 Serikali ikaisimamisha nchi nzima ili itengeneze utaratibu mpya. Haikurudi mpaka katika mwaka wa fedha wa 2024/25.

Fikirini, ndugu zangu. Kikundi cha akina mama kilicholipa deni lake mpaka senti ya mwisho kilifungiwa mlango sawasawa na kikundi ambacho hakikuwapo. Mjane aliyetaka mtaji wa kuku au wa cherehani alingoja zaidi ya mwaka kwa sababu ya madaftari ya watu wengine. Haya ndiyo matunda ya hesabu mbaya, nayo huingia nyumbani mwetu hata kama hatukuitazama hati ya mkaguzi.

LA KUFANYA

Mlango tulioutaja ni mkutano wa mtaa. Ni haki ya wananchi kuitwa na kusomewa mapato na matumizi. Wengi wetu hatuendi, au tukienda huondoka kabla hesabu haijasomwa. Basi twashauri mambo manne.

Kwanza, kila nyumba itoe walau mtu mmoja kuhudhuria, mume au mke, na arudi kuwaeleza wenziwe. Pili, hesabu iliyosomwa iombwe ibandikwe mahali pa wazi, kwenye ofisi ya mtaa na shuleni, iwe na majina ya kazi, kiasi kilichopatikana, kilikotoka na kilichotumika. Tatu, diwani aulizwe kila mwaka maswali mepesi: halmashauri yetu ilipata hati gani, mkaguzi alitoa hoja zipi, nawe ulisema nini katika baraza?

Nne, na hili ndilo linalosahaulika zaidi, kiongozi aliyetunza amana ashukuriwe hadharani. Mwenyekiti aliyerudisha masalio ya mchango wa darasa, na ikathibitishwa kwa stakabadhi, asimame aambiwe ahsante mbele ya watu, na jambo lake litajwe tena siku za uchaguzi. Asiyewashukuru watu hakumshukuru Mwenyezi Mungu, haya ni mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.). Mtaa unaojua kulaumu tu humfundisha mwaminifu kwamba taabu yake ni ya bure.

Na sisi Waislamu tuanzie msikitini na madrasani kwetu. Kamati isome mapato na matumizi ya sadaka na michango baada ya sala ya Ijumaa, kwa tarakimu wala si kwa maneno ya jumla. Mtoto anayekua akisikia hesabu zikisomwa msikitini atashangaa siku zisiposomwa mtaani, na mshangao huo ni mwanzo wa raia mwema.

Wanazuoni wengi wa zama zetu wamesema kwamba kura ni ushahidi. Naye shahidi hawezi kushuhudia asichokijua. Basi ampasaye kumlipa mwema kwanza amjue kwa hesabu zake, wala asitosheke na rangi ya jengo au utamu wa maneno ya kampeni.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie viongozi wetu kuwa walinzi wajuzi, nasi atujaalie kuwa mashahidi wa kweli. Amin.